Nilipiga marufuku muvi, kumbe nilimfunga mtoto mdomo

SAA nane za usiku mlango wa chumba chetu uligongwa. Si kugongwa hasa, ulikwaruzwa kama vile paka anataka kuingia. Nikafungua, nikamkuta mwanangu wa miaka tisa amejifunika shuka gubigubi, macho yamemtoka.

"Baba, naomba nilale kwenu."

Nikamuuliza, unaumwa? Hapana. Umeota? Hapana. Sasa kuna nini? "Hamna kitu."

Mpenzi msomaji, kama una mtoto unajua fika kwamba "hamna kitu" ya saa nane za usiku ni kitu, tena kikubwa. Lakini na wewe una usingizi, na alfajiri kuna daladala ya kugombania. Unasogea pembeni, mtoto analala. Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tatu mama yake akasema tumpime malaria. Tukapima, hana. Tukampa dawa ya minyoo. Bibi yake aliyekuja kutusalimia akatazama dari, akasema nyumba hii isomewe dua. Kila mtu alikuwa na jibu, isipokuwa mwenye tatizo.

Sikufikiria hata kidogo habari za sinema. Unajua kwa nini? Kwa sababu mimi mtaani kwetu nasifika kwa msimamo. King'amuzi kina namba ya siri, simu ya mama yao ina namba ya siri. Muvi yenye alama ya 18 haiangaliwi, ya 16 haiangaliwi, na isiyo na alama inajadiliwa na kikao cha watu wawili, mimi na mke wangu, ambapo kura yangu huwa ndiyo ya mwisho. Kijiweni nilikuwa nawatambia wenzangu kabisa: "Nyie mnalea kwa rimoti, mimi nalea kwa sheria."

Basi bwana, Jumamosi nimekaa barazani napiga viatu rangi, watoto wanacheza uwanjani. Mmoja amegeukia ukuta, wengine wanamnyemelea nyuma. Akigeuka, wote wanaganda. Aliyetikisika anapigwa risasi za mdomo, ta-ta-ta-ta! Na akianguka, anaanguka kweli, hanyanyuki mpaka mchezo uishe.

Nikauliza, mchezo gani huo? Mtoto wa jirani akajibu kwa furaha: "Squid Game, anko! Tumeiangalia kibanda umiza!"

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Kwa wale ambao haijawapitia, hiyo ni tamthilia ya Korea Kusini iliyotoka Netflix Septemba 2021, na msimu wake wa tatu, ambao ndio wa mwisho, ukatoka 2025. Watu wenye madeni wanachezeshwa michezo ya watoto, anayeshindwa anauawa. Alama yake ni TV-MA, maana yake haiwafai walio chini ya miaka 17. Mwezi mmoja tu baada ya kutoka, shule moja huko Ubelgiji ililazimika kuwaandikia wazazi, kwa sababu watoto walikuwa wanaigiza mchezo huo na wanaoshindwa wanapigwa. Kwa hiyo mtaa wetu haukuwa wa kwanza.

Nikavaa ndala nikaenda kibandani. Ni chumba kimoja cha mabati, madirisha yamezibwa na viroba, mabenchi manne, feni moja inayozunguka kwa huruma. Sehemu ya mbele kuna gemu, ya nyuma kuna sinema zenye sauti ya Kiswahili juu yake. Watoto wawili, mkubwa sidhani kama ana miaka kumi, walikuwa wanacheza San Andreas. Gemu hiyo ilitoka 2004, na Ulaya ina alama ya 18. Marekani ilianza na 17, mwaka 2005 ikapandishwa mpaka ya watu wazima tupu kwa sababu ya vipande vya ngono vilivyokutwa vimefichwa ndani yake. Dogo mwenyewe alikuwa anamgonga mtu na gari, huku ananyonya barafu ya ukwaju.

Nikamvaa mwenye kibanda. Nikamwambia, mshikaji, mbona unaniharibia mtoto? Hakupandisha hata sauti. "Braza, wa kwako ni yupi kati ya hawa? Maana kila anayekuja hapa anasema baba kamruhusu."

Nikanywea. Ni kweli Tanzania tuna sheria ya filamu tangu 1976, tuna na Bodi ya Filamu ambayo kupanga sinema kwa umri ni kazi yake. Wenzetu Kenya nao wana bodi yao inayoweka alama za wote, za usimamizi wa mzazi, 16 na 18. Lakini bodi haiwezi kukaa mlangoni kwenye kila kibanda cha uswahilini. Na mimi mwenye kura ya mwisho sikujua kwamba hela ya chapati ninayotoa kila asubuhi ilikuwa inaishia pale.

Usiku huo tukakaa kikao. Mama yake alikuwa amewaka kama jiko la mkaa. Alitaka mtoto achapwe, kibanda kishtakiwe, na hela ya chapati isitishwe. Bibi akaunga mkono: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Shemeji yangu, kijana wa chuo ambaye hana mtoto ila ana ushauri, akasema tunakuza mambo. "Nyie si mliangalia Commando na Rambo kwenye mikanda? Mbona mmekuwa watu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka kumi. Televisheni Bara ilikuwa imeanza mwaka mmoja tu nyuma, na mtaani tulikuwa tunachungulia dirishani kwa mwenye nayo. Kwetu sinema ilikuwa marufuku moja kwa moja, baba alisema ni uhuni. Siku moja nikatoroka nikaingia kwenye ukumbi wa video, wakati huo wa deki na mikanda. Wakaweka Child's Play, ile ya 1988, ya mwanasesere anayeitwa Chucky ambaye anashika kisu na kuua watu.

Nyumbani mdogo wangu wa kike alikuwa na mwanasesere wa plastiki, zawadi ya shangazi aliyetoka nje. Alikuwa anakaa juu ya kabati, ananitazama. Nikavumilia siku nne. Usiku wa tano nikamchukua nikamtupa kwenye choo cha shimo.

Kwani nilikuwa na njia nyingine? Nikisema naogopa, nitaulizwa umeona wapi. Nikisema wapi, ngozi yangu itageuka ngoma. Nikanyamaza.

Asubuhi mdogo wangu akalia mpaka akatapika. Kitu cha nje kimepotea, lazima kuna mwizi. Mama akamgeukia dada wa kazi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi, katoka kijijini, na alikuwa anapenda kumshika yule mwanasesere akimaliza kufua. Alikana, akaapa, akalia. Siku ya tatu akapandishwa basi akarudishwa kwao, na mshahara wa mwezi ule hakupewa. Nilisimama mlangoni nikamwona anabeba mfuko wake. Alinipungia mkono. Nikanyamaza.

Nilipomaliza kuhadithia, sebule nzima ikawa kimya. Shemeji aliacha kuchezea simu. Mke wangu akanitazama kwa muda, halafu akasema taratibu, "Basi usimpige."

Tukamwita mtoto. Nikamwambia hachapwi, aseme tu kilichomtisha. Nilijua atasema damu, au bunduki, au yule mdoli mkubwa anayeimba. Wapi! Akasema kuna mchezo wa gololi. Kuna jamaa alimwamini rafiki yake, rafiki akamwekea mawe mfukoni badala ya gololi, akaondoka, jamaa akauawa.

"Baba, rafiki yangu naye anaweza kunifanyia hivyo?"

Msomaji, nilikosa la kusema. Wanaopanga alama wanahesabu damu, matusi, ngono na bunduki. Ni kazi nzuri na mimi naiheshimu. Lakini hakuna alama ya kuonya kwamba mtoto wako anaweza kuacha kumwamini rafiki yake. Hiyo utaijua pale tu atakapokuja kukwambia. Na mimi, kwa sheria zangu na kujitamba kwangu, nilikuwa nimemziba mdomo mwanangu kama nilivyozibwa mimi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema kwamba mara nyingine ni sisi wazazi tunaowafundisha watoto kuficha.

Sasa usinielewe vibaya, sijafungulia bomba. Ya 18 bado ni ya 18, na kibandani haendi. Kilichobadilika ni vitu vitatu. Kwanza, nikikataa nasema kwa nini, siyo "kwa sababu mimi ndiye baba". Pili, kabla sijaruhusu au kukataa kitu ambacho sikijui, nakiangalia mwenyewe. Gemu nalo nalishika angalau nusu saa, hata kama nashindwa mapema na mtoto ananicheka. Zile alama za Ulaya za 3, 7, 12, 16 na 18 zinanipa pa kuanzia, kumaliza namaliza mwenyewe kwa sababu mtoto namjua mimi. Tatu, na hii ndiyo kubwa, tumekubaliana kwamba chochote atakachokiona, popote atakapokionea, akija kuniambia hachapwi. Mkono wangu utawasha lakini hachapwi.

Mwenye kibanda naye nilimrudia, safari hii bila jazba, nikampa picha ya mtoto kwenye simu. "Huyu ndiye wa kwangu. Baba hajamruhusu." Akacheka, akasema poa. Sijui wengine watamwonyesha lini picha za wa kwao.

Je, mpango unafanya kazi? Wiki iliyopita mwanangu katoka kwa rafiki yake jioni, akasimama mlangoni anazungusha kandambili kwa kidole cha mguu. "Baba, leo wameweka muvi ya mazombi. Nimeangalia nusu, nikatoka."

Mkono uliwasha, sikufichi. Nikasogea kwenye kochi akakaa. Tukaongea mazombi mpaka chakula kikaiva, na usiku ule alilala chumbani kwake.

Lakini kuna deni moja ambalo halilipiki kwa kuongea na mwanangu. Mama alishafariki bila kujua, na yule dada nilijaribu kumuulizia kwa watu wa kwao, sikumpata. Sasa hivi atakuwa mama mtu mzima, pengine na wajukuu. Kama gazeti hili litafungiwa maandazi mahali ulipo, dada, ukasoma hapa: mwanasesere nilimtupa mimi. Hukuiba. Nisamehe.