Nuru Niliyoiogopa

Baada ya kuanguka, kitu nilichokichukia kuliko vyote kilikuwa taa. Taa za dukani, taa za magari, hata kile kitaa kidogo cha ndani ya friji, vyote vilinichoma macho na kuniamshia maumivu ya kichwa yaliyodumu hadi usiku. Nilivaa miwani ya jua nikiwa sebuleni, na mapazia sikuyafungua.

Ninaishi Lowell, Massachusetts, ambako Wakenya tumekuwa wengi. Kazi yangu ni ile ya wengi wetu: kutunza wazee, kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwalisha. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku, Januari, nilipoteleza kwenye barafu na kugonga kisogo kwenye lami. Hospitalini walinipiga picha ya kichwa, hawakuona damu wala ufa, wakaniambia nimepata mtikisiko wa ubongo, nipumzike. Wengi hupoa ndani ya wiki chache. Mimi sikupoa.

Maumivu niliyazoea. Kilichonivunja moyo ni maneno. Nilianza sentensi kwa Kiswahili, neno likakataa kuja, nikalitafuta kwa Kikuyu, halipo, nikajaribu Kiingereza, nacho kitupu. Mama akipiga simu kutoka Nyeri aliniuliza, "Mwanangu, mbona unanyamaza?" Nilimwambia mtandao ni mbaya. Kazini singeweza kurudi, kwa maana mtu asiyekumbuka kama amemlisha mgonjwa au bado hafai kuachiwa mgonjwa. Ukivunjika mkono watu wanaona plasta na kukuhurumia, lakini kichwa kilicho kizima kwa nje hakina shahidi. Wapo walionong'ona kwamba najisingizia ili nilipwe fidia, na wapo waliosema nimetupiwa kitu kutoka nyumbani. Kina mama wa chama chetu hawakunong'ona. Walichanga kodi ya nyumba, wakapangiana siku za kuniletea chakula. Bila wao ningekuwa nje ya nyumba kabla mwaka haujaisha, nami hapa nawashukuru mbele ya kila msomaji.

Daktari wa ubongo ndiye aliyenitajia tiba ya mwanga mwekundu na infraredi. Nilidhani hajanisikia. Mtu anayejificha taa, unampeleka kwenye taa? Akanieleza kwamba mionzi ya infraredi haionekani kwa jicho, na kwamba macho yangu yangefunikwa. Kisha akasema jambo lililonifanya nimwamini: tiba hii ilikuwa bado inachunguzwa, mamlaka ya dawa ya Marekani haikuwa imeiidhinisha kwa jeraha kama langu, na bima isingelipa.

Nilimwomba anieleze inavyofanya kazi, maana nimeuguza watu muda mrefu na sipendi kutibiwa kwa mafumbo. Ndani ya kila seli kuna mitokondria, ambazo ndizo zinazotengeneza nguvu ya seli. Humo kuna kimeng'enya kinachoitwa saitokromu c oksidasi, na kimeng'enya hicho hufyonza mwanga mwekundu na wa infraredi ya karibu. Dhana ya watafiti ni kwamba mwanga huo hukisaidia kufanya kazi vizuri zaidi, seli iliyochoka ikapata nguvu, na mishipa midogo ya damu ikafunguka kidogo. Tatizo ni fuvu. Sehemu kubwa ya mwanga huishia kwenye nywele, ngozi na mfupa, na kinachofika kwenye ubongo ni kidogo sana.

Habari yenyewe ni ya zamani kuliko nilivyofikiri. Mwaka 1967, huko Budapest, daktari Endre Mester aliwamulika kwa leza dhaifu panya walionyolewa, akaona manyoya yao yanaota haraka kuliko ya wale wasiomulikwa. Hapo ndipo wengi huanzia kusimulia. Kwa upande wa ubongo, pale pale Boston, karibu na kwangu, mtafiti Margaret Naeser na wenzake walichapisha mwaka 2014 matokeo ya watu 11 waliokuwa na mtikisiko wa ubongo wa muda mrefu. Walimulikwa mara 18 kwa wiki sita, na vipimo vya kumbukumbu na vya kupanga mambo vikapanda. Niliposoma dalili za watu wale nililia, kwa sababu zilikuwa zangu. Lakini walikuwa 11 tu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha lililowekewa taa za bandia.

Na kuna upande ambao wauzaji wa kofia zenye vitaa vya tiba hii hawautaji. Kwa wagonjwa wa kiharusi, leza ya infraredi ilijaribiwa kwa majaribio makubwa. La kwanza, la mwaka 2007 na wagonjwa 120, lilileta shangwe. La pili, lenye wagonjwa 660, halikufikia lengo lake. La tatu lilisimamishwa njiani kwa kuwa hapakuonekana faida. Nilisoma hayo usiku, kwa mafungu mafupi kadiri macho yalivyoniruhusu, na bado asubuhi nikaenda kutibiwa. Mtu anayezama haombi cheti cha kamba, ila mimi nilitaka nijue kamba imesokotwa kwa kitu gani.

Tiba yenyewe haina makuu. Unakaa kwenye kiti, unafunikwa macho, unavikwa kofia yenye vitaa vidogo vidogo, unasikia joto kidogo kwenye paji la uso. Haiumi. Nilikuwa nasali humo ndani.

Kilichorudi kwanza ni usingizi. Niliamka siku moja kumekucha, nikashangaa kwamba sikuamka katikati. Baada ya usingizi maumivu yakapungua, kisha maneno yakaanza kunijia, si yote, ila ya kutosha kuongea na Mama bila kumsingizia mtandao. Miwani ya jua ikarudi kwenye mkoba.

Kanisani waliniomba nishuhudie kwamba taa zimeniponya. Nilisimama nikasema nilichokijua. Katika majira yale yale nilikuwa nafanyishwa mazoezi ya shingo na ya kujisawazisha, nimeacha kutumia simu kitandani, natembea kila asubuhi kando ya mto Merrimack, na muda nao ulikuwa ukifanya kazi yake. Siwezi kuchambua lipi lilileta lipi, na Mungu wangu hahitaji nimwongezee chumvi. Baadhi ya waumini walitaka ushuhuda mfupi zaidi. Mimi naona mtu aliyeteseka anastahili kuambiwa yote, kwa maana atakayeufuata ushuhuda wangu atalipa kwa fedha zake na kwa matumaini yake.

Hilo si la kufikirika. Mwaka uliopita kijana mmoja wa Eldoret alipata namba yangu kwa ndugu. Kaka yake alianguka na bodaboda, tangu hapo anasahau na kukasirika ovyo, na mtu amewaambia kuna kofia ya mwanga. "Shangazi, tuuze ng'ombe?" Nilimuuliza kama kaka amepigwa picha ya kichwa. Hakuwa amepigwa. Anatapika? Mkono au mguu umelegea? Analala kupita kiasi? Niliuliza hayo kwa kuwa damu inayovuja polepole chini ya fuvu haitibiwi na mwanga wowote, inatibiwa na daktari wa upasuaji. Nilimwambia ng'ombe, kama lazima auzwe, auzwe kwa ajili ya picha hiyo, na kofia ingoje. Walikwenda. Damu haikuonekana, na daktari akamwanzishia mazoezi na ratiba ya usingizi.

Mimi nimerudi kazini, zamu za mchana tu, saa chache. Majina ya wagonjwa wapya nayaandika kwenye kijitabu, na siku za theluji kichwa bado huuma.