Kamera ya Mtumba na Lenzi ya Jirani

Mei 2012 serikali ya Rais Joyce Banda wa Malawi iliposhusha thamani ya kwacha kwa takriban theluthi moja, kijana mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuwa akiishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, alikuwa bado anadunduliza hela za kamera. Bei za City Centre, Lilongwe, zikapaa. Kamera mpya haikushikika tena, akabaki na mitumba miwili ya kuchagua: Canon 1100D na Nikon D3100.

Siku hizo swali lilikuwa moja tu. “Kaka, hii ina megapikseli ngapi?” Canon ilikuwa na 12.2, Nikon 14.2. Akarudi Dzaleka kwa minibasi, Nikon mapajani, na lenzi yake ya 18-55.

Wala hakukosea, kwa kazi aliyokuwa nayo. Picha za pasipoti na harusi za mchana zilitoka safi, na mteja haulizi tundu la lenzi, anauliza picha zitakuwa tayari lini. Tatizo lilikuwa jioni: kwaya inaimba chini ya taa moja, lenzi ikivutwa hadi 55 tundu halizidi f/5.6, na mikono ya wapiga ngoma inageuka ukungu.

Mwaka 2014 mshairi Menes La Plume alianzisha Tamasha la Tumaini papo hapo kambini. Jukwaa, wasanii, usiku. Ghafla kila mpiga picha akawa anatafuta lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, inayoingiza mwanga karibu mara 10 ya ule wa f/5.6. Kijana akapata ya Nikon, ya zamani, kwa bei nafuu. Haikujitafutia fokasi. D3100 haina mota ndani yake, na lenzi zile za zamani hazina pia. Ikabidi azungushe pete kwa vidole huku mwimbaji akirukaruka. Wenzake wa Canon waliazimana lenzi bila wasiwasi, kwa sababu kila lenzi yenye fokasi ya kujiendesha ya mfumo wa EF, tangu 1987, ina mota yake.

Hatimaye aliiuza Nikon akanunua Canon kuukuu. Si kwamba ilikuwa bora. Majirani walikuwa na lenzi zinazoingia.

Sasa picha za pasipoti zimehamia kwenye simu, na wanaoanza humwendea kabla ya kushuka mjini. Huwaazima lenzi yake ya Canon waifunge kwenye kamera dukani, wapige kona yenye giza, kisha wamulike kwa tochi ya simu lenzi inayouzwa kutafuta ukungu wa kuvu, kabla hela haijatoka mfukoni.