Chupa Iliyofungwa Dirishani

"Baba Mchungaji, kama hii chupa inajiendesha yenyewe, Mungu anafanya kazi gani?"

Swali hili niliulizwa na kijana wa darasa la kipaimara, Jumamosi moja mchana, mbele ya wenzake 14. Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza, maana waliona kwamba yeye hacheki. Nilimjibu haraka, kama sisi wachungaji tulivyozoea kujibu. Nilisema Mungu ndiye aliyeiumba dunia ikaweza kujiendesha. Akaitika, "Ndiyo, Baba Mchungaji," akaandika kwenye daftari lake. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilijua sijamjibu. Nilikuwa nimempa Mungu aliyetia saa ufunguo, akaiweka mezani, akaenda zake.

Ili mwelewe kwa nini swali lile lilinichoma, wapendwa, inanibidi nirudi nyuma kidogo.

Usharika wetu uko Hanang, si mbali na njia lilimopita tope. Wengi wenu mnaikumbuka tarehe 3 Desemba 2023. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wingi, sehemu ya Mlima Hanang ikalowa, ikakatika, na tope likashuka pamoja na mawe na magogo mpaka Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku ile nilikuwa nimeandaa mahubiri juu ya kumngoja Bwana anayekuja. Sikuyahubiri. Tulishinda tukibeba mablanketi, tukitafuta watu, na baadaye tukachimba makaburi.

Kijana huyu alimpoteza shangazi yake, yule aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alikuja darasani mwezi uliofuata akiwa na daftari jipya, na kwa wiki nyingi hakuuliza neno. Swali la chupa lilikuwa la kwanza.

Wazo la chupa halikuwa langu la kujisifia. Nilipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu mmoja alikuwa na bustani ndogo ndani ya chupa ya kioo kwenye rafu ya vitabu. Nilidhani ni pambo tu. Miaka ikapita. Nilipofika kufundisha kifungu cha kwanza cha Imani, kile cha uumbaji, nikaona vijana wanakariri bila kuona chochote. Nikakumbuka ile chupa.

Nikapata chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha kusokota, iliyokuwa ikiwekwa peremende dukani. Tukaiosha kwa maji ya moto. Chini tukaweka changarawe, ili maji yanayozidi yapate pa kukaa bila kuozesha mizizi. Juu yake tukaweka mkaa uliopondwa, unaosaidia kupunguza harufu. Kisha udongo mweusi wenye majani yaliyooza. Tukapanda kangaga dogo, mmea mmoja utambaao, na ule ujani mlaini kama zulia unaoota juu ya mawe ya kijito. Tukanyunyiza maji, tukafunga.

Chupa ile ya kwanza ilikufa, na niliyeiua ni mimi. Niliiweka penye jua kali, nikifikiri nuru ikizidi ndiyo baraka ikizidi. Kioo kilizuia joto lisitoke, na mimea ikapikika kama mboga kwenye sufuria. Tena kila siku nilikuwa nafungua na kuongeza maji. Kila nilipopita nilitaka kugusa kitu. Baada ya wiki tatu kulikuwa na harufu mbaya na utelezi mweusi. Mke wangu aliitazama akaniambia, "Baba, hivi ndivyo unavyoufanya usharika." Nilikasirika. Baadaye nikaona amesema kweli. Tangu lile tope nilikuwa siwezi kumwachia mzee wa kanisa wala mwinjilisti hata ibada ya nyumbani. Niliona nikiondoa mkono wangu kidogo, kila kitu kitaanguka.

Chupa ya pili tuliipanda vijana na mimi, tukaiweka kwenye dirisha la ofisi lisilopigwa na jua moja kwa moja. Tukaweka maji kidogo, tukafunga, na nikaahidi mbele yao kutoifungua.

Hapo ndipo tulipoanza kuona. Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu ndani. Maji yalikuwa yametoka kwenye udongo na kwenye majani, yakapanda kama mvuke, yakakutana na kioo cha baridi, yakawa matone, yakateremka tena kwenye udongo. Ni mvua ileile inayozunguka. Hewa nayo inazunguka. Mchana majani hutumia nuru, maji na hewa ya ukaa kutengeneza chakula chao, na hutoa oksijeni. Usiku na mchana mimea hupumua, na vijidudu vya udongoni hupumua pia, vikirudisha hewa ya ukaa. Jani la kangaga lilipodondoka, vijana walidhani mmea unakufa. Tukasubiri. Fangasi na bakteria wakalila jani lile polepole likawa udongo, na mizizi ikachukua kilichokuwa ndani yake. Hakuna kinachotupwa nje, wala pa kutupia hapapo.

Mimi ni mzaliwa wa Mbulu, upande wa msitu wa Nou, na jambo hili halikuwa geni kwangu kama nilivyodhani. Babu yangu alilaza ng'ombe ndani ya nyumba. Asubuhi bibi alitoa samadi akaipeleka shambani. Shamba likatoa mahindi, watu wakala, mabua wakapewa ng'ombe, na samadi ikarudi shambani. Wairaqw wa milimani waliishi hivyo kwa vizazi, kwenye ardhi finyu ya miteremko, bila kununua mbolea. Babu hakujua kuandika jina lake, lakini alijua kwamba asichokirudisha kwa ardhi hatakiona tena.

Jambo la chupa nalo si jipya. Karibu mwaka 1829, huko London, daktari aitwaye Nathaniel Bagshaw Ward aliweka buu la nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga, apate kuona nondo akitoka. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kuotesha makangaga uani kwake, yakafa kwa moshi wa makaa ya mawe. Sasa ndani ya chupa, bila yeye kupanda, likachipua kangaga na jani la nyasi. Viliishi humo karibu miaka 4. Baadaye akatengeneza masanduku ya kioo, na mwaka 1833 akatuma mimea kwa meli hadi Sydney, Australia, ikafika hai. Kwa masanduku ya namna hiyo, miche ya chai ilitolewa China ikapelekwa India.

Kijana wangu alipoyasikia hayo yote ndipo alipouliza swali lake. Nami, kama nilivyosema, sikumjibu.

Mwezi uliofuata niliitwa kwenye semina nje ya mkoa. Kwa sababu ya wizi, ofisi ilifungwa na madirisha ya mbao yakafungwa pia. Semina iliisha, nikapitia Mbulu kumwona mama aliyekuwa mgonjwa, zikafika wiki tano. Niliporudi nikafungua dirisha nikaiona chupa. Kifuniko kilikuwa kimekaza vilevile. Maji yalikuwepo, udongo ulikuwepo, hewa ilikuwepo. Hakuna kilichoibwa. Lakini mimea ilikuwa imepauka. Kangaga lilikuwa limetoa shina moja refu, jembamba, jeupe karibu kama uzi, limeinama lote upande wa ufa wa dirisha ulioingiza nuru kidogo.

Nilisimama pale nimeshika mkoba wangu. Nilikuwa nimewaambia vijana kwamba chupa inajiendesha yenyewe. Haikuwa kweli. Maji yake inazungusha yenyewe, na hewa na udongo vilevile. Lakini nguvu inayozungusha vyote hivyo haimo ndani ya chupa. Inatoka nje, kila siku, bila kelele, ikipita kwenye kioo. Kwa sababu haikukosekana hata siku moja, tulisahau kuihesabu.

Mwaka 1991 watu 8 walijifungia katika jengo kubwa la kioo huko Arizona, Marekani, lenye eneo la zaidi ya hekta moja. Ndani walikuwa na msitu mdogo, shamba na bahari ndogo, wakikusudia kuishi humo miaka miwili bila kuingiziwa chochote. Lakini vijidudu katika udongo ule wenye rutuba vilitumia oksijeni kuliko ilivyotegemewa, na zege la jengo likanywa sehemu ya hewa ya ukaa ambayo mimea ingeirudisha kuwa oksijeni. Oksijeni ikashuka kutoka karibu asilimia 21 hadi karibu 14. Watu wakachoka hata kupanda ngazi, na mwaka 1993 ikabidi waingiziwe oksijeni kutoka nje. Siwacheki. Walikuwa na elimu na bidii nyingi. Lakini kama wao walishindwa kujihesabia pumzi zao wenyewe, mimi ni nani hata nidhani usharika mzima unasimama juu ya mabega yangu?

Usiku ule nilifungua Katekisimo Ndogo, ile niliyoifundisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Luther, alipokieleza kifungu cha kwanza mwaka 1529, hakuishia kusema kwamba Mungu ameniumba. Anaendelea kusema kwamba Mungu bado ananitunza, akitaja hata nguo na viatu. Nayo Zaburi ya 104 inasema jambo lilo hilo kwa namna yake: Mungu akiondoa pumzi, viumbe hurudi mavumbini, akiituma, uso wa nchi hufanywa upya. Kazi ya Mungu si ya jana tu. Niliyakariri hayo miaka mingi bila kuona kwamba ndilo jibu la swali la yule kijana.

Jumamosi nikamwita kabla ya darasa. Nikamwonyesha kangaga lililoinama. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile nilikujibu vibaya. Uliniuliza Mungu anafanya kazi gani. Tazama hapa. Yeye ndiye kama hii nuru."

Aliitazama chupa muda mrefu, akaigeuza taratibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini Baba Mchungaji, jua ndilo linalopandisha maji yakawa mvua. Hata ile mvua ya mlimani."

Sikuwa na la kusema. Alikuwa amesikiliza somo langu vizuri kuliko nilivyolifundisha. Mzunguko uleule unaolisha mashamba ya Mbulu na Hanang ndio uliolowesha mlima ule. Mfano wangu ulifika pale, ukakoma. Ningeweza kumwambia juu ya miti na miteremko, na hayo yana mahali pake, lakini yeye hakuuliza habari za miteremko. Aliuliza habari za shangazi yake.

Tukakaa kimya kwenye benchi la ofisi. Mwishowe nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi sijui kwa nini, na kwamba Jumapili ile ya Majilio nilimkasirikia Mungu. Akashtuka. "Hata wewe, Baba Mchungaji?" Nikamwambia, hata mimi. Nikamwambia pia kwamba siwezi kumjua Mungu kwa kuutazama mlima peke yake, wala kwa kuitazama chupa. Mlima siku moja hutoa maji, siku nyingine hutoa tope. Ninamjua kwa Yesu, ambaye hakukaa nje ya kioo akiangaza tu, bali aliingia ndani, akafa humu pamoja nasi, akazikwa kwenye udongo huuhuu. Sikumwambia kwamba hilo linajibu kila kitu. Nilimwambia kwamba hilo ndilo ninaloshikilia. Akalia kidogo, nami nikalia, kisha wenzake wakafika tukaanza somo.

Tangu wakati ule nimeacha mambo kadhaa. Mwinjilisti anaongoza ibada za nyumbani, wazee wanatembelea wagonjwa, na wiki nyingine hawanipi taarifa mpaka Jumapili. Mwanzoni iliniwia vigumu. Usharika haujaanguka.

Chupa ipo hadi leo, mwaka wa pili sasa, haijafunguliwa. Lile shina jeupe lilikauka likawa udongo, na pembeni yake makangaga mawili mapya yameota, ya kijani. Yule kijana amepata kipaimara. Bado anapita ofisini siku za Jumamosi, anaigeuza chupa robo mzunguko ili mimea isiinamie upande mmoja, na kabla hajatoka anahakikisha dirisha liko wazi.