Tulivyochagua Lenzi Moja ya Picha za Nyumbani

Kamera ya kubadilisha lenzi ikinunuliwa dukani, mara nyingi huja na lenzi ndogo iliyoandikwa 18–55. Namba hizo ni milimita, na maana yake si ngumu: namba ikiwa ndogo kamera huona eneo pana, ikiwa kubwa huvuta kitu cha mbali kije karibu. Lenzi hiyo yatosha kabisa sebuleni na kwenye keki ya siku ya kuzaliwa. Tatizo huanza siku mtoto anapoimba mbele ya kanisa, na mama yake ameketi benchi la nane. Picha ikisafishwa, madhabahu yapo, maua yapo, vichwa vya watu vipo, na mtoto ni mdogo kama punje ya mtama.

Sisi ni dada watatu, wote tumeolewa, na kila mmoja wetu ana droo ya picha za namna hiyo. Kamera ni moja, Canon aliyotuachia kaka yetu, nayo huzunguka kwa zamu Tanga, Dodoma na Moshi. Mwaka 2022 tuliamua kuchanga shilingi 150,000 kila mmoja ili tununue lenzi moja ya kuvuta, ile inayoanza kwenye upana na kufika mbali bila kubadilishwa. Si fedha ndogo. Mama alipopata habari alisema waziwazi kwamba kwa fedha hizo angeezeka upya banda la ng'ombe, na hakusema uongo.

Hata hivyo, sababu kubwa ilikuwa yeye mwenyewe. Mama ana zaidi ya miaka 80. Akiona kamera imesogea karibu, hukaza shingo, hufumba mdomo na kuweka mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Wa rika lake ndivyo walivyozoea: mpiga picha alikuja kwa nadra, alilipwa, na hakuna aliyecheka mbele yake. Kwa hiyo picha za mama tunazo nyingi, lakini ule uso tunaoujua, anapomenya ndizi huku akitaniana na wajukuu, hatukuwa nao hata kwenye karatasi moja. Ili kuupata ilibidi mpiga picha akae mbali.

Wapo waliotuuliza kwa nini tusitumie simu. Simu tunazo, na picha zake za karibu ni nzuri. Ila simu nyingi za bei ya kawaida zikivuta mbali hukata tu kipande cha picha na kukikuza, na ukikisafisha kwa ukubwa wa kutundika ukutani, uso huwa kama umepakwa unga.

Bwana Yesu, katika Luka 14, alizungumza habari ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tuliketi. Tulianza na picha zetu za zamani, kwa sababu kamera ya dijitali huandika ndani ya kila picha ni milimita ngapi zilitumika. Tukaona kwamba zaidi ya nusu zilipigwa kwenye 55, yaani mwisho kabisa wa lenzi. Kumbe tulikuwa tunavuta mpaka inagoma! Tunawashauri wenzetu wafanye hivyo kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote.

Mbele yetu kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kubaki na lenzi yetu ndogo na kuongeza ya pili ya 55–250. Pamoja zingefika mbali, na bei yake ilikuwa nafuu. Lakini hapo ni kubadilisha lenzi kila mara, mtoto mgongoni na kikapu mkononi, na kila kamera inapofunguliwa vumbi huingia ndani na kuacha madoa meusi kwenye anga la picha. Anayeishi Dodoma aliikataa kabla hatujamaliza kusema.

Ya pili ilikuwa Tamron ya 18–400, iliyotoka mwaka 2017. Mume wa mmoja wetu aliipenda sana, na twamwelewa, maana inafika mbali mara mbili ya ile tuliyoichukua. Ina uzito wa gramu 710 hivi, bila kamera yenyewe. Kwa mtu wa kwenda Serengeti kutazama simba ni vizuri. Sisi simba wetu wako uani. Tena, kwa uzito ule, tuliogopa kwamba kamera ingeachwa kabatini, na lenzi iliyo kabatini haipigi picha ya mtu.

Tukachagua ya tatu, Canon 18–200 iliyotoka mwaka 2008, ambayo hupatikana iliyokwisha kutumika. Ni gramu 595, zaidi kidogo ya nusu kilo ya sukari, na ina mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Kwenye 18 ukoo wote unaingia barazani. Kwenye 200 unaweza kusimama migombani ukaona sura ya mtu aliye mlangoni.

Haina miujiza. Lenzi moja inayofanya kazi zote haifanyi hata moja kwa ukamilifu. Kwenye 18 nguzo ya kanisa hupinda kidogo, na watu wa pembeni hutanuka, kwa hiyo usimpange pembeni shangazi aliye mnene, hatakusamehe. Ubaya mkubwa ni giza. Tundu linalopitisha mwanga huwa dogo kadiri unavyovuta, na kwenye 200 hufika namba 5.6. Lenzi ndogo ya 50 yenye tundu la 1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Mtambo wa kutuliza husaidia mkono wa mpiga picha, bali hausimamishi kwaya inayocheza. Katika ibada ya mkesha tunaongeza ISO na kuvumilia chenga, au tunasogea mbele na kuvuta kidogo. Mwenye mtoto wa kupigwa picha kanisani usiku tu, tungemwambia anunue hiyo ya 50, na hii aiache.

Kwenye kununua tulienda wawili, na tochi ya simu. Duka la kwanza walitupa lenzi inayong'aa nje. Tulipoimulika kwa ndani tukaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Hizo ni kuvu, na husambaa. Tukarudisha, tukashukuru, tukaondoka. Duka la pili tuliizungusha pole pole mpaka mwisho kusikiliza kama inakwaruza, tukaielekeza chini kuona kama inateremka yenyewe. Iliteremka kidogo, jambo la kawaida kwa lenzi za aina hii, na ina kitasa kidogo cha kuifunga kwenye 18 ukiwa njiani. Tuliiweka pia kwenye kamera yetu na kupiga picha kumi palepale, kwa kuwa si kila lenzi huingia kwenye kila kamera.

Krismasi ya mwaka 2022 tulikutana nyumbani Machame. Tulimwambia mama mapema kwamba siku hiyo tungempiga picha kwa mbali bila kumpanga. Mzazi hapigwi kwa kuviziwa. Akasema sawa, kisha kazi zikamsahaulisha. Tulipozisafisha alizipitia zote, akatoa moja aliyocheka mpaka macho yamefumba. Akaifunga kwenye leso, akasema hiyo ndiyo itakayotangulia mbele ya jeneza lake, na wale wa kukaza shingo wapumzike. Hatukuwa na la kujibu. Mmoja wetu alikwenda kuangalia chai.

Sasa lenzi iko Tanga, na huko adui si vumbi bali unyevu wa bahari. Inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mkavu, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyonyonya maji, na kila wiki hutolewa ikapigwa hewa kidogo. Mbele tumeifunga kioo cha filta cha milimita 72 ili vidole vya watoto viishie hapo. Ikifika Dodoma mwezi ujao, wa kule ataifuta kwa kitambaa chake laini, si kwa ncha ya khanga.