Saa Iliyolipiwa

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Nyeri. Kwa miaka mingi nimeutazama Mlima Kenya kila nifunguapo dirisha baada ya sala ya alfajiri. Asubuhi huwa wazi hata theluji yake huonekana. Ikikaribia adhuhuri, mara nyingi mawingu huuficha. Zamani niliuona kuwa pambo tu. Tangu mwanangu aingie chuo cha urubani Nairobi, nauona kwa jicho jingine. Tarehe 19 Julai 2003, ndege ya kukodi iliyotoka Nairobi kuelekea Samburu iliugonga mlima huu karibu na kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwamo wakafariki.

Masomo ya mwanangu tuliyalipia wenyewe, kama wafanyavyo wazazi wengi. Leseni ya urubani wa kazi, kwa kanuni za kimataifa, hudai saa zipatazo 200 angani, na kila saa ina bei yake. Jumla yake ni mamilioni ya shilingi. Baba yake aliuza kiwanja, nami nikatoa kidani na bangili nilizovishwa siku ya harusi.

Siku moja kijana alipiga simu, sauti imemnyong'onyea. Mwalimu wake amekataa kumwachia safari ya mbali peke yake mpaka aongeze saa kumi. Nilipandwa na hasira. Nilimpigia mwalimu mwenyewe, nikamweleza kwa ukali kwamba tumelipa hadi shilingi ya mwisho, na kwamba si haki kumchelewesha mtoto wa watu.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. "Mama," akasema kwa upole, "kijana wako ana mikono mizuri. Lakini akiona wingu mbele yake, hageuki. Nilimuuliza sababu, akanijibu kwamba saa hiyo imekwisha lipiwa na nyumbani hakuna nyingine. Nikimwacha aje huko Nanyuki peke yake, wewe utalala?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilitambua kwamba tuliyemtwika mzigo ni sisi. Kila tulipomkumbusha kiwanja na kidani, tulidhani tunamhimiza asome kwa bidii. Kumbe tulimfundisha kuthamini saa kuliko roho yake.

Nilimkumbuka babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi. Alianza utotoni kwa kupika chomboni, akawa baharia, kisha serahangi, ndipo akakabidhiwa usukani. Hakulipa ada. Kila safari alipata fungu lake, japo dogo. Waliompandisha daraja hawakuwa na faida ya kufanya haraka, kwani mali na roho zao zilikuwamo katika chombo kile kile.

Hata hapa jirani, katika kambi ya Jeshi la Wanahewa ya Laikipia, Nanyuki, wamo marubani waliosomeshwa kwa fedha za serikali. Mlipaji wa namna hiyo hana haja ya kumbembeleza mwanafunzi. Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, nacho kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977. Leo mzigo mkubwa umebaki mabegani mwa wazazi, na mtoto hodari wa maskini huishia kuzitazama ndege kutoka chini.

Sisemi kwamba anayejilipia hawezi kuwa rubani bora. Wapo wengi na ni hodari. Nasema fedha ina ushawishi wake. Mwanafunzi akiishiwa hukaa majuma bila kuruka, mkono ukasahau. Chuo nacho huogopa kumpoteza mteja. Mwezi Februari 2009, ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Uchunguzi ulibaini kwamba kapteni aliwahi kuanguka mitihani kadhaa ya kuruka, na si yote aliyomweleza mwajiri wake. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria ya kuwataka marubani wa mashirika ya abiria wawe na saa 1,500. Lakini saa ni hesabu tu, lazima awepo mtu mwenye uhuru wa kusema, "Bado."

Basi, kina mama wenzangu, kabla ya kulipa, ulizeni: mwanafunzi asiyeiva hufanywaje hapa? Wekeni akiba ya saa za ziada tangu mwanzo, asije mtoto akajiona ana deni angani. Na mwalimu akisema bado, mshukuruni.

Sisi tuliziongeza zile saa kumi, kwa mkopo wa shemeji yangu. Hatimaye kijana aliruhusiwa kuja Nanyuki peke yake. Nilipika mahamri na mbaazi, nikapanda matatu kupitia Naro Moru, nikamngojea kando ya uwanja. Mawingu yalishuka mapema siku hiyo. Nilingoja, moyo ukinidunda, mpaka simu ikalia.

"Mama, nimegeuza njiani, nimerudi Nairobi. Nisamehe, ile saa imepotea."

"Haikupotea, mwanangu," nikamwambia. Nikafunika kikapu changu, nikarudi Nyeri, na mahamri yale tuliyala na majirani baada ya magharibi, alhamdulillahi.