Barabara ya Kilwa, wawili tu

Wazazi wengi husafiri pamoja kwa sababu mbili: msiba au harusi. Kuwaacha watoto kwa bibi na kuondoka wawili tu huonekana anasa. Mimi na mume wangu tulifanya hivyo kwa gari lenye godoro na jiko dogo nyuma, tukashika njia ya kusini kutoka Dar es Salaam.

Ukishaimaliza foleni ya Mbagala, unapita Kibiti na Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa. Kabla ya 2003, magari yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko. Somanga tulinunua samaki wa kukaanga, tukala tukiwa ndani ya gari.

Hadi hapo tulikuwa tumezungumzia ada na fundi bomba, kisha tukanyamaza. Ukimya ule ulinitisha. Karibu na Nangurukuru, njiapanda ya kwenda Kilwa Masoko, mume wangu akasema anataka kuacha kazi. Alikuwa na neno hilo miezi kadhaa. Nyumbani kila akianza, mtoto anaita. Hatukuamua siku ile, lakini tulilijadili hadi usiku.

Asubuhi tulipanda mashua hadi magofu ya Kilwa Kisiwani, Urithi wa Dunia tangu 1981.

Mkienda, msiendeshe usiku. Ombeni kuegesha kwenye uwanja wa nyumba ya wageni kabla giza halijaingia, mpigieni bibi, kisha simu ziwekwe kando.