Silaha Haina Mzaha

Mwaka 1962, tulipokuwa na umri wa miaka tisa, tulikaribia kumwua ndugu yetu wa tumbo moja. Jambo hilo lilitokea kwetu Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, kwenye njia ya reli ya kati.

Jirani aliliacha gobore lake nyumbani kwetu, akasema halina kitu ndani. Tukalichukua, tukamwelekezea mdogo wetu kwa mchezo, tukavuta mtambo. Likalia! Vyuma vikapiga ukuta wa tembe, shibiri moja juu ya kichwa chake.

Marehemu baba hakutupiga. Alituketisha, akatueleza kazi aliyoifanya ng'ambo. Alikuwa sajini katika K.A.R., na mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, iitwayo leo Sri Lanka, kufanya mazoezi kabla ya kwenda kupigana Burma mwaka 1944. Huko aliwafundisha vijana kushika bunduki, na siku za kwanza hakumpa mtu risasi hata moja. Kwanza aliuzoeza mkono: mtutu usimwelekee mtu, na kidole kikae mbali na mtambo. Kisha alilizoeza jicho. Bunduki zao za Lee-Enfield zilichukua risasi 10 katika magazini. Lakini aliyetoa magazini asijidanganye, kwani moja yaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu. Basi kila apokeaye bunduki hana budi kuifungua na kutazama, hata kama mwenziwe amekwisha kumwambia ni tupu.

"Jirani yetu si mwongo," alisema baba, "amesahau tu. Nanyi mmeamini neno, hamkutazama. Tena gobore halifunguki kama bunduki ya askari. Kwa hiyo lihesabuni limejaa sikuzote."

Ndipo akatukumbusha kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, na akamwagiza apitaye na mishale msikitini au sokoni aishike kwa ncha zake, asije akamwumiza Mwislamu. Askari walifundishwa Ceylon jambo ambalo sisi tulikuwa nalo katika dini yetu, wala hatukulifuata.

Mdogo wetu yu hai, ana wajukuu. Kila tumwonapo twaikumbuka shibiri ile moja. Enyi wazazi mwekao silaha kwa kulinda mashamba, zifungieni, na wafundisheni watoto mapema. Mwenyezi Mungu atulinde. Amin.